Unene na ukondefu wa wazee vyatoka kapu moja

Wafanyabiashara wa vyakula wanaowaona wazee kuwa wateja wa kupita hawana budi kupiga hesabu upya. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa Tanzania ilikuwa na watu wapatao milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta karibu milioni 3.5. Katika miaka kumi soko hilo limepata walaji wapya milioni moja.

Walaji hao wako katika makundi mawili yanayoonekana kupingana: waliokonda na walionenepa kupita kiasi. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita. Jibu likiwa chini ya 18.5, amekonda, likifika 30, ana unene wa kupindukia. Wengi huamini kuwa ukondefu ni wa maskini na unene ni wa wenye ukwasi. Hali ya soko haiungi mkono imani hiyo.

Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu ya wanga au protini ina kalori 4. Mafuta, sukari na unga wa sembe ndiyo njia rahisi ya kushibisha tumbo kwa fedha kidogo, na kila duka la mtaani huviuza kwa kipimo kidogo. Mayai, maziwa na samaki vinadai fedha zaidi, na maharage yanadai pia mkaa wa kuyachemsha. Mzee wa mjini ambaye hatembei sana hunenepa kwa chapati na chai ya sukari. Mwenzake wa kijijini, ambaye bado anashika jembe na kula mlo mmoja, hukonda. Wote wawili wanaweza kuwa na upungufu ule ule wa protini, vitamini na madini.

Wataalamu wa lishe hupendekeza mzee apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72, na yai moja la kuku lina kama gramu 6 tu. Dagaa wakavu wa Ziwa Victoria wangeziba pengo hilo, lakini watengenezaji wa chakula cha kuku nao huwagombea, na mnunuzi wa magunia humshinda mnunuzi wa fungu.

Uwezo wa kununua nao una uzito wake. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kulipa pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi. Kiasi hicho kilibaki pale pale hadi kilipopandishwa kuwa 50,000 mwaka 2023. Kwa siku ni sawa na kutoka shilingi 667 hadi 1,667, na mara nyingi fedha za mzee hulisha wajukuu pia.

Hata hivyo fedha hizo huingia kwa mwezi na huishia katika maduka ya jirani. Mwenye duka anaweza kufungasha dona, dagaa waliosagwa, unga wa kunde na karanga za kusaga katika vipimo vidogo kama anavyofanya kwa sukari. Vyakula hivyo humfaa pia mzee asiye na meno.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga nazo hushambuliwa. Mfanyabiashara akague ukavu wa mzigo kabla ya kulipa, auweke juu ya chaga mbali na unyevu, na asisage punje zenye ukungu, hata kama amepewa kwa bei ya kutupa.