Mataji 17 Juu ya Barafu Moja: Michigan na Denver Kabla ya Kipenga

Aprili 7, 2022, ukumbi wa TD Garden, Boston. Nusu fainali ya ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani katika hoki ya barafuni: Michigan kwa Denver. Anayefungwa anafunga virago, hakuna marudiano. Kwa pamoja wana mataji 17, na kuna taji la 18 linalonukia. Kabla ya kipenga, tuwapange mizani moja kwa moja. Kila kipengele pointi moja, na sare hatutaki.

Kwanza vipimo vya uwanja. Barafu ina urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68 unameza nne na chenji inabaki. Goli lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22, kwa hiyo goli moja la uwanja wa soka wa Mkapa, Dar, ni sawa na magoli manane kamili ya barafuni! Kinachogombewa ni kisahani cha mpira mgumu cha gramu 170 hivi, uzito wa mayai matatu ya kuku. Kila upande una watu sita, kipa akiwemo. Vipindi vitatu, kila kimoja dakika 20.

1. Mkongwe zaidi: Michigan

Timu ya Michigan ilianza msimu wa 1922–23. Klabu ya soka ya Yanga ilipozaliwa mwaka 1935, vijana wa Ann Arbor, mji wa chuo cha Michigan, walikuwa na miaka 13 wakigombea kisahani. Denver ilikuja msimu wa 1949–50, Yanga na Simba zote zikiwa zimeshaota ndevu. Hata nyumba ya Michigan ni ya kale: jengo la Yost lilifunguliwa mwaka 1923 kwa michezo mingine, likasubiri miaka 50 kuwekewa barafu. Linaingiza watu 5,800 hivi. Hao ni mabasi 97 ya abiria 60, na wote wanapiga kelele chini ya bati moja. Pointi kwa Michigan.

2. Mwenye mataji mengi zaidi: Michigan, kwa pua

Tisa kwa nane. Michigan walitwaa la kwanza mwaka 1948, mashindano haya yalipofanyika kwa mara ya kwanza kabisa, kwa kuwachapa Dartmouth 8-4. Ndani ya miaka tisa wakawa na sita, yote chini ya kocha mmoja, Vic Heyliger. Rekodi hiyo hakuna kocha aliyeifikia.

Denver, walio sawa na North Dakota kwa mataji nane, wana jambo la kujitetea: matatu ni ya karne hii, 2004, 2005 na 2017. La mwisho la Michigan ni la 1998. Mtoto aliyezaliwa usiku ule, Aprili hii ya 2022 ana miaka 24 na pengine ameshamaliza chuo. Lakini hesabu ni hesabu. Pointi kwa Michigan.

3. Aliyejaza watu wengi zaidi: Michigan, hata hakuna mjadala

Desemba 11, 2010, Michigan walitandaza barafu katikati ya uwanja wao wa futiboli ya Kimarekani, wakaita Michigan State, wakawafunga 5-0. Watu wa Guinness walihesabu watazamaji 104,173. Ni rekodi ya dunia ya mchezo huu, kwa mechi ya wanafunzi!

Tuilete Temeke. Jaza Mkapa viti vyote 60,000: watu 44,173 wako nje. Wafungulie uwanja wa Uhuru pale jirani, waingie 23,000: bado 21,173 wanazunguka na tiketi mkononi. Wapakie wote 104,173 kwenye mabasi ya watu 60 na utahitaji mabasi 1,737. Yapange pua kwa mkia, kila moja mita 12, foleni inatoka Posta, inapita Kimara na kuendelea, kilomita 20 na ushei. Pointi kwa Michigan, na tunaipiga mstari.

4. Aliye juu zaidi: Denver

Hapa ni juu ya usawa wa bahari. Jiji la Denver liko mita 1,609, maili moja kamili. Juu ya Arusha, chini kidogo ya Mbeya na Nairobi. Ann Arbor haifiki hata mita 300. Timu za Dar zikipanda Sokoine, Mbeya, zinajua maana yake: dakika ya 70 kifua kinakuwa kama mvukuto. Wapinzani wanaokwenda Denver wanaonja joto hilo kila msimu. Boston iko ufukweni kama Dar, kwa hiyo leo mlima hausaidii, ila rekodi ni rekodi. Pointi kwa Denver.

5. Mwenye vipaji ghali zaidi: Michigan

Kila mwaka klabu za ligi kuu ya NHL huchagua vijana kwa zamu. Mwaka 2021 wa kwanza alikuwa Owen Power. Wa pili Matty Beniers, wa nne Luke Hughes, wa tano Kent Johnson. Wote wanne wamevaa jezi ya Michigan usiku huu. Wanne kati ya watano bora wa mwaka mzima, chumba kimoja cha kubadilishia nguo! Power peke yake ana mita 1.98, mlango wa kawaida una mita mbili, naye anaupita akiwa juu ya vyuma vya kuteleza. Hapo anainama. Pointi kwa Michigan.

6. Kocha kijana zaidi: Denver

David Carle alikabidhiwa Denver mwaka 2018 akiwa na miaka 28, umri ambao washambuliaji wengi bado wanadai mkataba mpya. Usiku huu wa 2022 ana 32. Mpime na Red Berenson, aliyeifundisha Michigan misimu 33 na kushinda mechi 848: Berenson alipoanza mwaka 1984, Carle alikuwa bado hajazaliwa. Pointi kwa Denver.

7. Ukuta mgumu zaidi: Denver

Fainali ya 2004, jengo hilihili la Boston likiitwa FleetCenter. Denver wanaongoza Maine 1-0, saa inakaribia kuisha. Wachezaji wao wawili wanatolewa kwa adhabu, mmoja baada ya mwingine. Maine wanamtoa kipa wao, wanaingiza mshambuliaji wa ziada. Sita wanashambulia, mbele ya kipa wa Denver wamebaki watatu. Zaidi ya dakika moja wanazuia kwa miguu, kwa vifua, kwa magongo. Kisahani hakikuingia. Pointi kwa Denver.

8. Namba ndogo zaidi, yenye thamani kubwa zaidi: moja

Karatasi yetu inasema Michigan 4, Denver 3. Barafu ikasema vingine. Dakika 60 ziliisha 2-2, na baada ya karibu robo saa ya nyongeza Carter Savoie akafunga: Denver 3, Michigan 2. Siku mbili baadaye Denver walikuwa nyuma 1-0 dhidi ya Minnesota State hadi mwisho wa kipindi cha pili. Kipindi cha tatu wakaachia mabao matano. Wakabeba taji la tisa, sawa na Michigan.

Halafu ikaja Aprili 2024. Wakiwa Saint Paul, Denver waliwafunga Boston College 2-0, kipa wao Matt Davis akizuia mashuti 35. Taji la kumi. Hakuna chuo Marekani kilichokuwa kimewahi kufika kumi.

Kwa hiyo rudi kwenye kipengele cha pili, chukua kalamu, hamisha pointi ile moja. Sasa ni Denver 4, Michigan 3!