Walioonekana katika filamu ya mapanki

Wakazi wengi wa Mwanza wenye umri wa kuukumbuka mwaka 2006 wanaikumbuka filamu ambayo watu waliipa jina la "filamu ya mapanki". Jina lake lenyewe ni Darwin's Nightmare. Iliongozwa na Hubert Sauper, raia wa Austria, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2004. Mwaka 2006 ilitunukiwa tuzo ya César nchini Ufaransa, na mwaka huohuo ikawa miongoni mwa filamu zilizoshindania tuzo ya Oscar huko Marekani.

Juu ya mwongozaji huyo yameandikwa mengi, na juu ya samaki aina ya sangara yameandikwa mengi zaidi. Yaliyoandikwa juu ya watu ambao nyuso zao ndizo zilizoibeba filamu hiyo ni machache. Alikuwapo mlinzi wa usiku, binti aliyeimba, kijana mchoraji, na mwandishi wa habari. Hao ndio tunaowazungumzia leo, kwa kuwa yaliyowafika yanaweza kuifika familia yoyote itakayobishiwa hodi na mtu mwenye kamera.

Kwa vijana ambao hawakuyashuhudia hayo, yafaa tuanze na samaki mwenyewe. Sangara si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliingizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960. Alikua, akaenea, akawala furu na samaki wengine wadogo waliokuwa kitoweo cha watu wa pwani ya ziwa. Baadaye vilijengwa viwanda vya minofu, na katika miaka ya 1990 biashara hiyo ilishamiri Mwanza. Minofu ilipelekwa Ulaya kwa ndege. Vichwa na mifupa iliyosalia ndiyo mapanki. Mengine husagwa kuwa chakula cha mifugo, na mengine hukaangwa na kuliwa na wale ambao bei ya samaki mzima imewashinda.

Sauper alipata wazo la filamu hiyo alipokuwa akitengeneza filamu nyingine, Kisangani Diary, iliyohusu wakimbizi wa Rwanda waliotawanyika katika misitu ya Kongo mwaka 1997. Ameeleza kwamba aliona ndege mbili kubwa za mizigo, moja ikiwa imeleta chakula cha msaada kwa wakimbizi, na nyingine ikiondoka imejaa samaki kwenda Ulaya. Akarejea Mwanza na kamera ndogo pamoja na mwenzake Sandor Rieder. Mwongozaji mwenyewe amesimulia kwamba pengine walilazimika kujifanya marubani ili waruhusiwe kupita. Jambo hilo tulikumbuke, maana tutalirudia.

Mtu wa kwanza ni mlinzi wa usiku katika taasisi ya utafiti wa uvuvi. Analinda lango kwa upinde na mishale yenye sumu, na ujira wake wa usiku mmoja ni kama dola moja ya Marekani. Mbele ya kamera anasema kwa utulivu kwamba vita ikitokea, wapo watakaoifurahia, kwa kuwa jeshini kuna mshahara. Maneno hayo yalitikisa kumbi za sinema za Ulaya. Kwa mzazi anayejua maana ya kulala macho ili watoto wale, yalikuwa ni maneno ya mtu aliyechoka.

Mtu wa pili ni binti aliyekuwa akishinda na marubani wa ndege za mizigo, katika maisha ambayo hakuna mzazi anayeyaombea mwanawe. Katika filamu anaonekana akiimba wimbo wa kuisifu Tanzania. Anasema pia kwamba angependa kusoma kompyuta. Kabla kazi ya filamu haijakwisha, aliuawa na mwanamume mgeni. Wenzake wanaonyeshwa wakiitazama picha yake akiwa hai, nao wanalia.

Wa tatu ni kijana aliyewahi kuishi mitaani, ambaye alichora maisha ya watoto wenzake: ulevi wa gundi, ugomvi na usiku wa baridi. Majina ya watu hao watatu hatuyaandiki hapa. Hawakuwa watu wa hadhara, na sitara ni haki ya mtu hata baada ya uso wake kuonekana na maelfu.

Wa nne ni mtu wa hadhara kwa kazi yake, mwandishi wa habari Richard Mgamba. Yeye ndiye aliyezungumza mbele ya kamera kuhusu tuhuma za silaha kupitishwa katika ndege za mizigo. Filamu inadokeza kwamba ndege zilizochukua samaki hazikuwa zikija tupu, na rubani mmoja anakiri kwamba aliwahi kupeleka shehena ya kijeshi Angola.

Mwezi wa Julai mwaka 2006, Rais Jakaya Kikwete aliikemea filamu hiyo hadharani, akisema kwamba imeichafua nchi na kuhatarisha soko la samaki. Mjadala ukapamba moto. Je, watu wanakula mapanki, au ni chakula cha mifugo tu? Je, silaha zilipita Mwanza? Katika joto hilo, Mgamba alikamatwa na kuhojiwa, na hata uraia wake ukatiliwa shaka. Mwongozaji alikuwa Ulaya, lakini aliyehojiwa na kamera alikuwa nyumbani.

Huko Ufaransa nako palikuwa na ubishi. Mwanahistoria François Garçon aliandika kuipinga filamu, Sauper akamshitaki kwa kumkashifu, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa Sauper ushindi. Basi mwongozaji alikuwa na mahali pa kudai heshima yake. Yule mlinzi wa usiku angeidai ya kwake wapi?

Hapa inafaa tutofautishe mambo mawili. Mwigizaji wa filamu ya kubuni hukubali kazi akijua anaigiza nini, na jina lake huandikwa. Marehemu Mzee Rashidi Kawawa aliigiza katika filamu za Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikiwamo Muhogo Mchungu, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Watu walimwona akiwa mtu mwingine, nao wakajua kuwa ni mchezo. Lakini anayeonyeshwa katika filamu ya maisha halisi hana vazi la kuvua baada ya kazi. Aibu inayoonekana ni yake, na jirani atakayeitazama ni jirani yake. Tena, desturi ya watengenezaji wengi wa filamu za namna hiyo ni kutomlipa anayehojiwa, kwa hoja kwamba malipo yanaweza kumfanya aseme lile linalotakiwa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini matokeo yake ni kwamba tuzo huenda kwa mmoja na lawama hubaki kwa mwingine.

Hatusemi kwamba umaskini ufichwe. Mapanki yalikaangwa kweli, na watoto walivuta gundi kweli. Kuyafunika hayo ili wageni wasione ni kumdhulumu maskini mara ya pili. Kosa la mjadala wa mwaka 2006 ni kwamba tulibishana sana juu ya jina la nchi, tukasahau kuuliza hali ya wale waliosema. Na kosa la kamera ni pale inapoingia kwa jina lisilo lake. Kumdanganya mlinzi wa uwanja wa ndege ili uyaone mambo ya wakubwa huenda kukapata mtetezi. Kumwacha mnyonge aseme neno zito bila kujua litafika wapi hakuna utetezi.

Leo kamera zimo mifukoni mwetu wenyewe. Picha ya mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba inaweza kufika Muscat au London kabla hajafunga biashara yake. Kwa hiyo wazazi tuwafundishe watoto kuuliza maswali machache kabla ya kukubali kupigwa picha au kuhojiwa. Wewe ni nani, na umetumwa na nani? Itaonyeshwa wapi, na kwa lugha gani? Je, nitaiona kabla wengine hawajaiona? Nikibadili nia, nitampata nani? Asiyeweza kuyajibu hayo, mtu ana haki ya kumwambia hapana kwa adabu.

Na sisi tunaoshika simu tujiulize hayohayo kabla hatujamrekodi mwenye shida barabarani. Yule binti alitaka kusoma kompyuta. Dunia ilimsikia akiyasema hayo, na wengi wanachokumbuka kwake ni jinsi alivyokufa.