Mstari wa Malipo Ukikwama, Usibonyeze Tena

Mkazi wa Sagana, unapolipia leseni ya biashara mtandaoni huenda ukaona mstari unaojaa polepole kwenye skrini. Unakujulisha kwamba mtambo bado unafanya kazi. Bila mstari huo skrini hukaa kimya, mtu akabonyeza "Lipa" tena, na pesa zinaweza kukatwa mara mbili.

Lakini mstari si risiti. Mara nyingi kompyuta hukadiria tu muda uliobaki, ndiyo maana mstari hufika asilimia 90 ukakwama, hasa mtandao ukiwa hafifu. (Duara linalozunguka, lenyewe halipimi chochote.) Kabla ya kujaribu upya, tafuta ujumbe wa M-Pesa wenye nambari ya muamala ya herufi na tarakimu 10. Ukiwa umeupata, pesa zimeshatoka. Hifadhi nambari hiyo.