Rota Huingia Hata Nyumba Safi

Mtoto akiharisha, wa kwanza kuulizwa ni mama: maji uliyachemsha? Mikono ulinawa? Maswali hayo yana msingi, maana kipindupindu na homa ya matumbo hupitia hukohuko. Kwa kirusi cha rota, hata hivyo, lawama hiyo ni dhuluma, na ushahidi upo tangu mwaka 1973. Mwanasayansi Ruth Bishop, katika hospitali ya Royal Children's mjini Melbourne, alikuwa na watoto wengi waliolazwa kwa kuharisha, lakini vipimo havikuonyesha bakteria wa kushukiwa. Badala ya kuendelea kupekua kinyesi, yeye na wenzake walichukua vipande vidogo vya ukuta wa utumbo mwembamba, wakavikata vyembamba mno na kuvitazama kwa darubini ya elektroni. Ndani ya seli za juu kabisa, zile zinazofyonza maji na chakula, walikuta chembe za mviringo zenye umbo la gurudumu. Hayo yalikuwa Melbourne, jiji la maji ya bomba na vyoo vya kuvuta.

Leo inajulikana kwamba bila chanjo karibu kila mtoto duniani, wa tajiri na wa maskini, huambukizwa rota kabla ya kutimiza miaka 5. Chembe zisizofika 100 zaweza kutosha kumwambukiza, ilhali gramu moja ya kinyesi cha mgonjwa hubeba mabilioni. Mama gani atayashinda hayo kwa sabuni pekee? Atakayehofu kwamba maneno haya yatawafanya watu waache kunawa, na aendelee kuhimiza kunawa, kwani kuna maradhi mengine mengi ya kuzuia. Ila asimwaibishe mama. Rota huua kwa kukausha mwili, na mama anayeogopa kukaripiwa ana kila sababu ya kuchelewa kufika zahanati, ambako maji ya chumvi na sukari (ORS) na zinki yangemwokoa mwanawe. Watoto huambukizwa kila mahali. Wanaokufa ni wale ambao msaada huwafikia kwa kuchelewa.

Kinachobaki ni chanjo, nayo ina pingamizi zito zaidi. Tanzania ilianza kutoa matone ya chanjo ya rota mwaka 2013, Kenya mwaka 2014, lakini majaribio yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kinga dhidi ya ugonjwa mkali ya asilimia 49 tu Malawi, na 77 Afrika Kusini. Ya nini basi? Hesabu ya pili ya majaribio hayohayo inajibu: kwa kila watoto 100 waliochanjwa, Malawi iliepusha takriban visa vikali 7 kwa mwaka, Afrika Kusini 4. Palipo na wagonjwa wengi, hata kinga ya nusu huokoa wengi zaidi.

Kwa nini chanjo hudhoofika huku kwetu? Hutajwa kingamwili za mama, matone ya polio, lishe duni. Hakuna sababu moja inayotosha. Huenda njia ni kuchanja mapema zaidi. Bishop huyohuyo aligundua kwamba vichanga walioambukizwa rota wodini bila kuugua hawakupata ugonjwa mkali baadaye. Kutokana na aina hiyo ya kirusi ikatengenezwa chanjo ya siku za kwanza za maisha, ikajaribiwa Indonesia na Malawi. Mbona basi kliniki zetu bado zinasubiri wiki ya 6?