Kabla ya Kutoa Ushauri: Utangulizi wa Fani ya Unasihi

Anayeingia darasa la unasihi kwa mara ya kwanza huja akidhani atafundishwa kutoa ushauri mzuri. Lakini washauri hatujawahi kuwakosa: kuna somo, kungwi, shangazi, shehe, padri. Mwenye majonzi hajamaliza hata kujieleza, keshaambiwa avumilie, asali, asahau. Anayeadimika ni mtu wa kumsikiliza hadi mwisho, na hapo ndipo fani hii inapoanzia.

Carl Rogers wa Marekani alijenga hoja hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1942. Alishikilia kwamba mtu akisikilizwa kwa dhati, bila kuhukumiwa, huanza kuiona njia yake mwenyewe. Wengine waliona kusikiliza pekee hakutoshi. Katika miaka ya 1960 Daktari Aaron Beck wa Philadelphia alibaini kuwa wagonjwa wa sonona huandamwa na mawazo mabaya yanayozuka yenyewe, nao huyaamini bila kuyahoji. Mama lishe aliyefilisika hujiambia, “Mimi si kitu.” Mnasihi wa mkondo wa Beck hambembelezi wala habishani naye. Humwuliza ni lipi linalothibitisha wazo hilo na lipi linalolipinga, kisha humpa zoezi la kufanya nyumbani.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya Wazungu na wenye fedha. Hao nawapeleka Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, maeneo yaliyoumizwa sana na UKIMWI. Watafiti walianza kwa kuwauliza wanavijiji wenyewe huzuni yao ikoje. Kisha, katika vijiji 30 vilivyoteuliwa, baadhi vilipata tiba ya vikundi, wanaume kwao na wanawake kwao, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Walioongoza vikundi walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo ya wiki mbili tu. Mazungumzo yalihusu misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: miongoni mwa waliotibiwa, wenye sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Ambao hawakutibiwa walishuka pia, kutoka 94 hadi 54.7. Mwanafunzi asiiruke takwimu hii ya pili. Wapo wanaopona bila sisi, na ni vizuri tukumbuke hilo kabla ya kujisifu.

Kazi ya namna hiyo ilifanyika pia Harare, Zimbabwe, ambako Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, waliokaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kushughulikia kwanza.

Ni nini hasa kinachoponya? Wataalamu wamebishana tangu miaka ya 1930, wengine wakitaja mbinu, wengine uhusiano kati ya mnasihi na mteja. Mimi naegemea uhusiano, ingawa kwa mwenye woga uliopindukia, mathalani wa kuvuka daraja, kumsogeza hatua kwa hatua kwenye kitu anachokiogopa kunazidi maneno matamu.

Uhusiano huo husimama juu ya siri, jambo gumu kijijini ambako kila mtu anajua nani kaingia mlango gani. Na hata siri ina mpaka wake: mteja akieleza kwamba amepanga kujiua, mnasihi hasubiri kikao kijacho. Humshirikisha daktari na ndugu siku hiyo hiyo, na mteja huwa ameambiwa hivyo tangu kikao cha kwanza.