Gia Iliyopotea

Mashine ya kukerezea chuma aliyotuachia marehemu baba yetu ni Myford ML7, aina iliyotolewa Uingereza mwaka 1946. Kasoro yake ilikuwa moja tu: miongoni mwa gia zake za kubadilishia mwendo, ile ya meno 40 haikuwapo. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikwisha kuitupia jicho, na nyumbani walikuwamo waliotamani fedha zake.

Umuhimu wa gia hiyo waujua mkerezaji. Parafujo kuu ya mashine ina nyuzi 8 kwa inchi. Gia ya meno 20 ikiiendesha ya 40, parafujo hiyo huzunguka kwa nusu ya mwendo, nayo bolti hutoka na nyuzi 16 kwa inchi.

Tukanunua gia ya meno 40, tukadhani tumemaliza. Ilipozungushwa, ikakwaruza na kunguruma. Meno yalikuwa 40 kweli, lakini yamekatwa kwa moduli 1.25, ilhali gia za Myford, zilizopimwa kwa inchi, ni sawa na moduli 1.27. Kipenyo chake kilikuwa milimita 52.5, kilichotakiwa ni 53.3. Tofauti haifiki hata milimita moja, nasi tulikuwa tumehesabu meno tu!

Mara ya pili tulimpelekea fundi gia mbili za asili ziwe kielelezo, akakata mpya kwa kipimo chao. Jioni ile bolti ya kwanza ikaingia katika nati yake kwa vidole vitupu. Mnunuzi wa chakavu aliporudi, tulimkaribisha chai.