Nyongeza ya Mei Mosi na barua iliyochelewa

Mei Mosi mwaka 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa kima cha chini cha mshahara serikalini kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Habari njema kwa aliye chini kabisa. Mwalimu mwenye miaka kumi na tano kazini, hata hivyo, haishi kwa kima cha chini. Anaishi kwa daraja.

Mwalimu mwenye shahada huanza daraja D la mshahara, na tathmini zake zikiwa nzuri, baada ya miaka kadhaa hupanda kwenda E, kisha F. Lakini daraja halijipandishi. Nafasi lazima iwemo kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, na fedha zake ziwemo kwenye bajeti. Jina likirukwa (hutokea, waulize walimu), unasubiri mwaka mwingine wa fedha.

Mwaka 2016, Serikali ilipowasaka watumishi hewa, upandishaji vyeo ulisimamishwa kupisha uhakiki. Wapo waliokuwa na barua za kupandishwa cheo mkononi, zikafutwa. Uhakiki ulihitajika, ubaya ni kwamba bili yake alilipishwa mtumishi halali. Walimu wawili waliajiriwa mwaka mmoja, wakagawana vipindi katika shule moja, mmoja akapanda kabla ya zuio, mwenzake akabaki chini yake kwa miaka. Dawa iliyokuja baadaye watumishi wanaiita mserereko: aliyekwama anapandishwa haraka, bila kusubiri muda wote wa kawaida, awafikie wenzake. Ni hatua ya haki, nami naiunga mkono. Ila mserereko hurekebisha cheo. Miaka iliyoliwa kwa mshahara mdogo haiirudishi.

Tena hasara humfuata mtumishi huyo hadi uzeeni. Kikokotoo cha pensheni hutazama wastani wa mishahara ya miaka mitatu iliyo mizuri kuliko yote ndani ya kumi ya mwisho ya utumishi. Aliyefikia daraja lake stahiki akiwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, miaka miwili katika hesabu hiyo ni ya mshahara wa zamani. Mjadala wa mkupuo, uliopandishwa mwaka 2024 kutoka asilimia 33 hadi 40, ulihusu mgawanyo tu: kiasi gani mstaafu achukue mara moja, kiasi gani kila mwezi. Kinachogawanywa kilishapungua zamani. Kwa hiyo mtumishi akikuonyesha hati ya mshahara akilalamika, mwombe na barua zake za kupandishwa cheo, utazame tarehe zake.